Mathe wa Eksirei: Vile Marie Curie Alipeleka Picha Vitani na Ndai, na Kwa Nini Stori Yake Inahusu Kitui na Makueni

Wacha tuseme uko kwa keja yako Umoja, Jumamosi asubuhi, simu inaingia kutoka shags. Susu ameteleza akitoka kuchota maji huko Kyuso. Mguu umefura, hawezi kukanyaga. Utauliza nini kwanza? Hautauliza dawa gani amepewa. Utauliza kama amepigwa picha.

Na hapo ndipo stori huanza kuwa ndefu. Hiyo picha atapigiwa wapi, Mwingi ama ni mpaka Kitui mjini? Mashine inafanya? Mwenye kuiendesha yuko kazini leo? Stima iko? Na nduthi itambeba aje na mguu uko hivyo?

Kitui si kakaunti kadogo, msee. Ina zaidi ya kilomita mraba 30,000, kumaanisha ni kubwa kuliko nchi nzima ya Rwanda. Makueni ni ndogo kuliko Kitui, lakini imebeba kipande kirefu cha barabara ya Mombasa: Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi mpaka Mtito Andei. Na si unajua vile ajali za hiyo barabara huvunja watu.

Sasa cheki hii. Kuna mama mmoja alikutana na maswali hayo hayo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mashine ziko mjini, wagonjwa wako mbali, stima hakuna, na wa kuziendesha ni wachache. Hakungoja serikali imalize mikutano. Alichukua gari, akapakia mashine ndani, akajifunza kuendesha, akaenda.

Anaitwa Marie Curie. Shuleni labda ulilikremu hilo jina ndio upite mtihani wa fizikia, ukalisahau kabla ya kufika geti. Leo tumwangalie kama mtu.

Mtoto wa mwalimu aliyeshushwa cheo

Alizaliwa 7 Novemba 1867 huko Warsaw, Poland. Jina lake la kwao ni Maria Skłodowska, kitinda mimba kati ya watoto watano. Poland wakati huo ilikuwa imemezwa na majirani, na Warsaw ilikuwa mikononi mwa Urusi. Shuleni walilazimishwa kusoma kwa Kirusi. Kama ulishawahi kuvalishwa ile diski ya kuongea kikwenu shuleni, basi unajua hiyo feeling.

Fathe yake alikuwa mwalimu wa hesabu na fizikia. Warusi hawakumpenda, wakamshusha kazi, na nyumba ya kazi ikaenda. Familia ikaanza kuweka wanafunzi wa kulala ndani ndio ipate doo. Kupitia wale wanafunzi, homa inayobebwa na chawa ikaingia nyumbani, ikamuua Zofia, dada mkubwa. Muda si mrefu, mwaka wa 1878, mathe yao naye akafa na TB. Maria alikuwa na miaka 10.

Hiyo TB iweke kando kidogo, tutairudia. Kwa sasa jua tu kwamba mwaka huo hapakuwa na mashine yoyote duniani ya kuona kifua cha mtu aliye hai. Daktari aliweka sikio, akagonga mgongo, akakisia.

Dili ya masista wawili

Maria alimaliza sekondari mwaka wa 1883 na medali ya dhahabu. Shida ni kwamba chuo kikuu cha Warsaw hakikuchukua wanawake. Kulikuwa na chuo cha kichinichini, masomo yanafanyiwa kwa nyumba za watu, yakihama hama ndio polisi wasinuse. Maria na sista yake Bronia wakasomea hapo.

Halafu wakaweka dili. Bronia ataenda Paris kusomea udaktari, Maria atabaki afanye kazi amtumie ganji. Bronia akimaliza, atamvuta Maria. Sisi wa Ukambani tunaelewa hii hesabu vizuri sana. Wa kwanza anasomeshwa, halafu anasomesha wanaomfuata.

Maria akapata kazi ya kufunza watoto wa tajiri mmoja mashambani. Akiwa huko akapendana na kijana wa kwanza wa hiyo familia. Wazazi wakakataa ndoa, ju msichana hana kitu. Imagine kuendelea kuishi na kufanya kazi kwa nyumba ya watu waliokukataa, kwa sababu sista yako bado hajamaliza shule. Hivyo ndivyo alivyofanya. Jioni alifunza watoto wa wakulima kusoma Kipolandi, kitu ambacho Warusi wangejua angejipata pabaya.

Bronia alitimiza ahadi. Mwaka wa 1891 Maria, sasa ana miaka 24, akapanda treni kwenda Paris na kuingia chuo cha Sorbonne. Keja yake ilikuwa chumba cha juu kabisa, baridi ya kuua. Usiku alivaa nguo zote alizokuwa nazo ndio apate usingizi. Kuna siku alizirai kwa kukosa kula vizuri. Lakini mwaka wa 1893 aliibuka namba moja kwa digrii ya fizikia, na mwaka uliofuata namba mbili kwa hesabu.

Mwaka wa picha ya kwanza

Julai 1895 akaolewa na Pierre Curie, mwanasayansi mtulivu asiyependa sherehe. Badala ya gauni jeupe alivaa nguo ya bluu nzito ambayo angeweza kuendelea kuivaa maabara. Fungate wakaenda na baiskeli.

Miezi michache baadaye, tarehe 8 Novemba 1895, huko Würzburg, Ujerumani, profesa Wilhelm Röntgen aligundua miale fulani inayopenya vitu. Hakujua ni nini, kwa hivyo akaiita X, vile sisi huandika X kwa hesabu tusiyojua jibu. Akapiga picha ya mkono wa mke wake, mifupa na pete vikaonekana. Hakutaka hataza, yaani hakutaka kulipwa na kila atakayetumia hiyo ujuzi. Ndani ya miezi michache madaktari wengi walikuwa wanaitumia.

Siri yake ni rahisi. Miale inapita kwa nyama bila shida, inapungua ikigonga mfupa, na inazuiwa zaidi na chuma. Kwa hivyo kwa picha unaona vivuli: mfupa, ufa kwa mfupa, kitu kigeni ndani ya mwili.

Mwaka wa 1896 Henri Becquerel naye akakuta kwamba madini ya urani yanatoa miale yenyewe tu, bila stima. Marie akachukua hiyo kama kazi yake. Mwaka wa 1898 yeye na Pierre wakatangaza elementi mbili mpya. Ya kwanza wakaiita poloniamu, kwa heshima ya Poland iliyokuwa haipo hata kwa ramani. Ya pili ni radiamu.

Kuipata hiyo radiamu ilikuwa mjengo. Walikuwa na kibanda kinachovuja. Marie alichemsha mawe kwa masufuria makubwa, akikoroga na chuma kirefu karibu kama yeye, tani baada ya tani. Mwaka wa 1902 akapata sehemu moja ya kumi ya gramu. Na wao pia wakakataa kuchukua hataza, wakati huo hawana hata maabara ya maana.

Nobel, msiba na udaku

Mwaka wa 1903 Nobel ya fizikia ilikuja kwa Becquerel, Pierre na Marie. Mwanzoni jina la Marie halikuwa kwa mpango. Ni Pierre aliyesema haiwezekani. Hivyo akawa mwanamke wa kwanza kupata Nobel.

Tarehe 19 Aprili 1906 Pierre alikuwa anavuka barabara Paris, mvua ikinyesha, akagongwa na mkokoteni wa farasi. Alikufa papo hapo. Marie akabaki na mabinti wawili, Irène wa miaka 8 na Ève mwenye mwaka mmoja. Sorbonne ikampa darasa la mume wake, mwanamke wa kwanza kufunza pale.

Mwaka wa 1911 ukawa wa fujo. Januari, Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kilimnyima kiti kwa kura chache tu. Novemba, magazeti yakamwanika kwa uhusiano wake na mwanasayansi Paul Langevin, ambaye alikuwa na bibi. Barua zikachapishwa, watu wakajaa nje ya nyumba yake. Yeye alisemwa kila kitu, pamoja na kwamba ni mgeni arudi kwao. Langevin hakusumbuliwa hivyo. Katikati ya hiyo kelele akapewa Nobel ya pili, ya kemia. Mmoja wa wale wakubwa wa Sweden akamwandikia asijitokeze kuichukua. Alienda, akaichukua, akatoa hotuba yake. Baadaye akaugua vibaya na kukaa nje ya kazi kwa muda mrefu.

Ndai, dainamo na mashine

Agosti 1914 Vita vya Kwanza vya Dunia vikalipuka. Wajerumani wakakaribia Paris. Marie alibeba gramu nzima ya radiamu, ndani ya sanduku zito la risasi, kwa treni mpaka Bordeaux. Akaificha, akarudi Paris.

Sasa elewa shida ya mstari wa vita. Askari anakuja na kipande cha bomu ndani ya paja. Daktari hajui kiko wapi, anachimba na kidole na kisu. Mashine za eksirei zilikuwepo Ufaransa, lakini nyingi zilikuwa zimekaa kwa maabara na hospitali za miji, mbali na mahali watu walikuwa wanavuja damu.

Marie alizunguka akiziomba. Kwa wanawake matajiri akaomba magari. Pesa za kuanza zilitoka kwa chama cha wanawake wa Ufaransa. Wakubwa wa jeshi hawakuchangamka sana, akawasumbua mpaka wakakubali. Ndani ya kila gari kuliwekwa mashine, kitanda cha kukunja, mapazia ya kuleta giza, sahani za picha, na dainamo inayozungushwa na injini ya gari lenyewe. Stima ikawa imetatuliwa. Ukifika, unavuta waya, unafunga mapazia, na baada ya kama nusu saa uko kazini.

Akasoma anatomia haraka. Akajifunza kuendesha gari, na mwaka wa 1916 akachukua laisensi, kitu nadra kwa mwanamke wakati huo. Akajua kubadilisha tairi na kusafisha kabureta. Siku moja gari lilipinduka kwa mtaro na mashine zikamwangukia, akaumia kiasi, na hakutaka hata watoto wake wajue.

Kazi yenyewe ilihitaji akili. Picha moja inakuonyesha risasi iko, lakini haikuambii iko ndani kiasi gani. Kwa hivyo unapiga picha mbili kutoka pembe tofauti, halafu unapiga hesabu ya kina. Daktari anapata kuambiwa akate wapi na aingie umbali gani. Kiswahili chetu kimejificha utani hapo: risasi inapatikana kwa eksirei, na ile miale yenyewe inazuiwa na risasi, yaani madini yale mazito.

Magari hayo yakaitwa Curie ndogo. Yalifika karibu 20, na vyumba vya eksirei alivyosaidia kuweka hospitalini vilikuwa 200. Kwa ujumla askari zaidi ya milioni moja walipigwa picha.

Lakini kumbuka, mashine bila mtu ni chuma tu. Kwa hivyo Marie akafungua mafunzo kwa wanawake, karibu 150, wengine hawakuwa wamesoma sayansi sana. Miezi michache tu ya umeme, anatomia na kupiga picha, na wanatumwa. Irène, binti yake, alianza akiwa na miaka 17. Alipofika 18 alikuwa anaendesha kituo cha eksirei Hoogstade, Ubelgiji, peke yake kati ya madaktari wa jeshi.

Hata tiba ilikuwepo. Kutoka kwa ile gramu ya radiamu Marie alikusanya gesi inayotoka, akaifunga kwa vichupa vidogo vya kioo, vikapelekwa hospitali kutibu majeraha na makovu. Hiyo ni familia moja na radiotherapi ya kansa ya leo: miale ile ile, ikilenga kuua sehemu mbaya.

Na huku kwetu?

Vita hivyo hivyo vilikuwa Afrika Mashariki pia. Ukipita Kariokor pale Nairobi, hilo jina ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza dhidi ya Wajerumani waliokuwa Tanganyika. Vijana wa Ukambani walikuwa ndani. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi wakiuawa na magonjwa, si risasi. Hakuna Curie ndogo iliyowafuata porini.

Kuna kipande kingine cha Afrika kwa hii stori. Miaka ya 1920 radiamu nyingi ya dunia ilianza kutoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, kule Kongo ambako watu wanaongea Kiswahili kama mimi na wewe. Wakongo walichimba mawe, mawe yakaenda Ubelgiji, na gramu moja ikauzwa bei ya kutisha. Mwaka wa 1921, Marie aliyegawa ujuzi wake bure hakuweza kumudu gramu ya ziada. Wanawake wa Marekani wakachanga dola 100,000, na rais Harding akamkabidhi.

Gramu nyingine ya mchango ikaja 1929, hiyo akaipeleka Warsaw. Taasisi ya tiba ya kansa ikafunguliwa huko 1932, na mkurugenzi wake akawa Bronia. Ndiyo, yule sista wa dili.

Bei aliyolipa

Kwa miaka mingi walidhani radiamu haina noma. Marie alitembea na chupa zake mfukoni, akifurahia vile zinang'aa usiku. Vitani hakuwa na kinga ya maana mbele ya mashine. Macho yakaharibika, vidole vikaungua, damu ikaacha kujitengeneza. Alikufa 4 Julai 1934, miaka 66. Irène alipata Nobel yake 1935, na 1956 akafa na kansa ya damu.

Mwaka wa 1995 Ufaransa ilihamisha mwili wa Marie kwenda Panthéon, mwanamke wa kwanza kuzikwa hapo kwa kazi yake mwenyewe. Walipopima, radiamu mwilini haikuwa nyingi vile walitarajia. Wataalamu wakasema huenda zile eksirei za vita ndizo zilizomwangusha.

Kwa hivyo ukiingia chumba cha picha halafu mtaalamu ajifiche nyuma ya ukuta, usione kama anakuringia. Wewe unapigwa mara moja, dozi ndogo. Yeye yuko hapo kila siku. Kenya tuna mamlaka ya kusimamia miale, na mtaalamu huvaa kifaa cha kupima kiasi alichopata. Hizo sheria ziliandikwa ju ya watu kama Marie.

Turudi Kitui na Makueni

Mwaka wa 2015 serikali ilianza mpango wa kukodisha mashine, hospitali mbili kila kaunti, Kitui na Makueni zikiwemo. Picha za kidijitali zikasogea karibu na watu. Makueni nayo ilianza mpango wake wa afya 2016, wakati huo familia ilikuwa inalipa shilingi 500 kwa mwaka kutibiwa hospitali za kaunti.

Lakini kamati ya Seneti ilipochunguza ule mpango wa mashine mwaka wa 2020, ilikuta kwamba sehemu kadhaa za nchi mashine zilikaa tu. Stima haitoshi, ama mtaalamu hayuko. Hesabu ni ile ile ya 1914. Marie alijua mashine ni robo tu ya kazi. Robo zingine ni stima, usafiri na mtu aliyefunzwa. Kiongozi akija kukata utepe, muulize hizo robo tatu ziko wapi.

Wewe mwenyewe unaweza kufanya kitu. Jua tofauti: eksirei na CT zinatumia miale, altrasaundi inatumia sauti, MRI inatumia sumaku. Mama mjamzito asikubali kuingia eksirei bila kusema ana mimba. Ukipigwa picha, chukua nakala yako na uitunze, ndio usilipishwe tena ukitumwa hospitali nyingine. Uliza mapema kama SHA inalipa. Na kama umemaliza form four hujui usomee nini, KMTC wanafunza hii kazi. Wale wanawake 150 walianza hapo hapo.

Halafu kuna ile TB tuliyoiweka kando. Mathe ya Marie alikufa nayo enzi ambazo hakuna aliyeweza kuona ndani. Leo picha ya kifua inaionyesha mapema, makohozi yanapimwa kuhakikisha, na dawa za TB ni bure kwa hospitali za umma. Lakini Kenya bado iko kwa orodha ya nchi zenye TB nyingi duniani.

Kwa hivyo ukimaliza kusoma hapa, pigia susu simu. Muulize mguu unaendeleaje. Halafu uliza kama kile kikohozi kimepita wiki mbili. Kama kimepita, mtumie nauli leo.